Kisahani cha mteremko kwa paka wa uso bapa: wiki 6 za matumizi

Nianze na jibu maana najua wengi mnashuka moja kwa moja chini kutafuta nyota. Kisahani ni kizuri, nakipa nyota 4 kati ya 5, lakini si kwa sababu zile zilizoandikwa kwenye boksi, na kama ningekitumia vile boksi linavyosema ningekuwa nimeshakirudisha siku ya pili tu na kuandika hapa maneno makali. Jina la kampuni nalihifadhi, karibu wote wanatengeneza kitu kilekile, tofauti ni rangi na yale masikio ya paka waliyochora pembeni.

Mwenye kisahani ni paka wangu mtoto, anaitwa Kitufe. Jina limetokana na pua, ukimwangalia kwa mbele unaona macho mawili na katikati yake kitufe cha shati kimeshonwa, basi. Mama yake Persian, baba Exotic, zote aina za paka wa pua fupi, yaani pande zote mbili hakuna wa kumrithisha pua. Nilimchukua akiwa na wiki 5, mapema kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa mama yake maziwa yalikauka na wale ndugu zake wawili walikuwa wamemzidi mwili wanamsukuma pembeni. Kawaida paka mtoto anaanza kuonja chakula karibu na wiki ya 4, anaachishwa ziwa taratibu mpaka kwenye wiki ya 8 hivi, na kazi kubwa ya kumfundisha anaifanya mama: mtoto anamtazama mama anakula nini, anasogea, anachovya mdomo palepale, kwisha. Wangu hakuwa na wa kumtazama. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sasa ulimwengu wenyewe ndo mimi na kidole changu.

Na kidole kweli ndo kilikuwa sahani yake. Napaka chakula laini kwenye kidole, analamba mpaka ngozi inawasha maana ulimi wa paka ni msasa, anashiba, analala. Ukimwekea bakuli analinusa, anaingiza uso mzima, anapiga chafya, anarudi kinyumenyume ana chakula kwenye paji la uso, alafu anakaa anakutazama analia anadai kidole. Siku 4 hivyo hivyo. Mimi nikasema huyu anadeka, kazoea vya bure, nikamwacha na bakuli lake saa nzima nione nani atashindwa. Nilishindwa mimi, mizani ya jikoni asubuhi ikasema gramu 404 wakati jana yake alikuwa 410. Paka mtoto anatakiwa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, kwahiyo kupungua hata gramu 6 si jambo la kusubiri uone.

Kilichonifungua macho ni simu. Nililala kifudifudi sakafuni nikaiweka usawa wa bakuli nikarekodi video ya mwendo wa polepole, na nilipoitazama niliona aibu. Paka mwenye pua ndefu mdomo unatangulia, unafika kwenye chakula kichwa kikiwa bado nje. Kitufe vinavyotangulia ni vitatu kwa mkupuo, pua, paji na kidevu, ulimi uko nyuma ya vyote. Ukingo wa bakuli ulikuwa unamgota kooni, kidevu kinakaa juu ya ukingo, ulimi unatoka unalamba hewa unarudi mtupu, mara ya pili hewa, mara ya tatu hewa. Akitaka kukifikia chakula lazima azamishe uso, na akizamisha pua inaziba, na hawa paka matundu ya pua yao tayari ni membamba, wengine hata kaakaa laini kule nyuma limezidi urefu, kwahiyo pua ikiziba kidogo tu hana akiba. Ndo maana anatoa uso haraka na kupiga chafya. Hakuwa anadeka jamani, alikuwa anachagua kupumua.

Maziwa ndo yalikuwa balaa zaidi. Mwaka 2010 kuna wanasayansi wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Science namna paka anavyokunywa, na ukiielewa hiyo utaelewa tatizo lote la uso bapa. Paka hachoti maji na ulimi. Anakunja ncha ya ulimi kwa nyuma, anaigusisha tu juu ya maji, anaivuta kwa kasi na maji yanapanda nayo kama uzi mnene, anafunga mdomo kabla uzi haujakatika, karibu mara 4 kwa sekunde. Ule mchezo wote unahitaji nafasi ndogo kati ya mdomo na maji. Kitufe hiyo nafasi hana, pua inatua majini saa ileile ulimi unatua, anavuta pumzi, anapaliwa.

Nilijaribu sirinji pia, nisiwafiche. Nilimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu nikambana mashavu nikasukuma, maziwa yakatokea puani. Daktari wa mifugo alinisema vizuri tu siku hiyo: paka halishwi akiwa chali hata siku moja, anakaa kifudifudi miguu minne chini kama anavyonyonya kwa mama yake, na sirinji unaweka tone kwenye ulimi unamwacha ameze, husukumi, maana maziwa yakiingia kwenye mapafu unamletea nimonia. Alimfungua mdomo akaangalia kaakaa kama lina mwanya, akaangalia meno na taya, taya la chini limetokeza mbele kidogo lakini si la kuzuia kula. Akasema mtoto mzima huyu, mtafutie kitu bapa cha kulia. Ndo nikaagiza hiki kisahani.

Sasa chenyewe. Ni kauri nyeupe, upana kama sentimita 13, kina kwenye upande wa chini hakizidi sentimita 2, mteremko wa nyuzi 15 kwa maelezo yao. Kinakaa juu ya stendi ya mbao yenye miguu mitatu, na kati ya stendi na kisahani kuna pete ya mpira ya kuzuia kuteleza. Ni kizito, hilo nimelipenda tangu nakitoa kwenye boksi, paka mtoto akisukuma kwa paji lake chombo chepesi kinamkimbia nyumba nzima na yeye anakifuata, mwisho anaona ni mchezo wa mpira sio chakula. Mng'aro wake ni laini hauna vitundu. Boksi lilikuwa na picha ya Persian mkubwa mwenye manyoya kama mto anakula kwa heshima zote, na maneno kwamba kinafaa "tangu siku ya kwanza".

Tangu siku ya kwanza ya nani sijui. Stendi ina urefu wa sentimita 9, Kitufe mwenyewe mabegani alikuwa kama sentimita 10, yaani kisahani kilikuwa kinamfika usoni. Alisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaiweka ndani ya chakula, akachungulia kama mtu anayechungulia dukani kwenye kioo, akaanguka ubavu. Kwahiyo mkinunua kwa ajili ya mtoto ile stendi wekeni kabatini mpaka akue, kisahani kikae sakafuni juu ya pete yake ya mpira, kinatulia vizuri tu. Hapa napunguza nusu nyota, si kwa stendi, kwa kuandika inafaa watoto wakati hata mtengenezaji mwenyewe hakuijaribu kwa mtoto.

Jambo la pili, na hili ndo lililonifanya niandike maelezo marefu hivi. Picha inaonyesha upande wa chini wa mteremko unaelekea kwa paka. Nikaweka hivyo. Chakula kikateleza chote kikajikusanya kwenye kona ya mbele nyuma ya ukingo, na kama mmenisoma mpaka hapa mnajua hapo ndo mahali pabaya kuliko pote kwa Kitufe, kidevu kinagonga ukingo na chakula kiko chini ya kidevu, ulimi haupindi kurudi nyuma kiasi hicho. Paka mkubwa mwenye shingo anakunja shingo anafika. Mtoto wa wiki 5 shingo ipo wapi. Nikaona hela imekwenda.

Kwa hasira nikakigeuza. Nilikipindua nusu mzunguko sasa upande wa juu ukawa kwake na ule wa chini...

Ngoja niseme vizuri maana nilimwelezea dada yangu hili kwa simu akanielewa kinyume. Upande wa chini niliurudisha kwake, kugeuza kabisa kulimwekea ukuta mbele ya uso, hakukufaa. Nilichobadilisha ni mahali pa chakula. Badala ya kukiweka chini kikae, nilikipaka kwenye mteremko, katikati kwenda juu, kama unavyopaka rangi ukutani, kizito cha kushika kisiteleze. Hapo mteremko ukawa kama ukuta uliolala mbele yake, chakula kinamtazama usoni. Halambi kwenda chini tena, analamba kwenda mbele, na kulamba mbele ndo kitu pekee alichokuwa anakijua maana kidole kilikuwa kinamjia mbele. Alikipiga ulimi mara moja, akasita, akanitazama mkono, mara ya pili, alafu akaanza kazi. Alikula kama vijiko viwili vya chai bila kidole. Nilikaa kimya sijisogezi nisije nikaharibu.

Kwahiyo faida ya mteremko kwa uso bapa naiona ni hiyo, unakupa ukuta wa kupaka. Wao wenyewe hawajaandika hivyo popote.

Uzito wa chakula ndo kila kitu hapo. Kikiwa chepesi kinateleza kinarudi kule kwenye ukingo, kikiwa kikavu mno kinamganda kwenye kaakaa anaanza kujikuna mdomo. Mimi nilikuwa nachukua chakula cha kopo cha paka watoto, kile kilichosagwa kabisa si cha vipande, nakiponda na uma, naongeza maziwa ya unga ya paka watoto yaliyokorogwa kidogo kidogo mpaka kinafanana na dawa ya meno. Maziwa ya ng'ombe hapana, yana laktosi, ile sukari ya maziwa, wasiyoimudu, wanaharisha, na mtoto wa gramu 400 akiharisha siku moja maji yanamwishia mwilini. Chakula cha mbwa pia hapana, paka lazima apate taurini, kirutubisho cha kwenye nyama, kwenye chakula chake, cha mbwa si lazima kiwe nayo ya kumtosha. Alafu kipashwe kidogo, joto la mwili, kama nyuzi 38, sio zaidi, ujaribu kwenye mkono wako kwa ndani. Paka anakula kwa pua kabla ya mdomo, chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu, kwake ni kama hakipo. Kauri inasaidia hapa, ukisuuza kisahani na maji ya moto kabla ya kupaka kinashika joto dakika kadhaa, bakuli la stili linapoa haraka.

Kuhama kutoka kidole kwenda kisahani sikufanya kwa ghafla baada ya ile siku ya kwanza, maana jioni yake alikataa tena. Nilichofanya ni kuanza na kidole kilekile juu kidogo ya kisahani, anakilamba huku kidole kinashuka, kinagusa kauri, kinabaki pale kama kilima katikati ya chakula. Akishalamba kidole safi ulimi unakosea njia unagusa chakula cha pembeni. Siku zilivyokwenda kidole kikawa kinaondoka mapema zaidi, kwanza katikati ya mlo, alafu mwanzoni, alafu nikawa nagonga tu ukingo wa kisahani na ukucha anakuja mwenyewe. Siku ya 6 alikula mlo mzima mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Ya 7 akagoma, sijui kwanini, ya 8 akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Milo ilikuwa 5 kwa siku midogo midogo, tumbo la paka wa umri huo halibebi kingi, na mlo wa mwisho wa siku niliendelea kumpa kidole kwa wiki ya kwanza yote ili nijue amelala ameshiba. Wako watu watasema nilimdekeza. Mizani ilisema gramu 13, 11, 15, 12, mimi nasikiliza mizani.

Kosa moja nililolifanya njiani: nilipoona anaweza nikaongeza chakula, nikapaka kisahani kizima. Akaingia nacho kwa miguu, akajiviringisha, pua zote mbili zikaziba. Mtoto wa uso bapa mpe kidogo, kama kijiko kimoja cha chai katikati, akimaliza unaongeza. Na kikusanye katikati kiwe kilima kidogo, usikitandaze chembamba, kwa sababu kikiwa chembamba anagandamiza uso mzima kwenye kauri kukitafuta.

Kwa vitu vya majimaji kisahani hiki ni sifuri. Mteremko unakusanya maji yote mbele yanakuwa kidimbwi chenye kina, yaani hasa kile unachokikimbia. Kwa maziwa na baadaye kwa maji nilitumia kifuniko cha chupa ya kioo ya mdomo mpana, ile bati bapa, ukingo nusu sentimita, nikaweka maji ya kufunika tu sehemu ya chini. Analamba juu juu pua haizami. Siku za mwanzo hata maji sikumhangaishia sana, chakula cha kopo sehemu kubwa yake ni maji, lakini kifuniko kilikuwa karibu muda wote. Boksi linasema "kwa chakula na maji". Nusu nyota nyingine ingeenda hapa ila nimeona nitakuwa mchoyo.

Kuhusu sharubu. Boksi limeandika kwa herufi kubwa kwamba bakuli za kawaida zinachosha sharubu za paka na hiki kinaondoa uchovu huo. Mimi hii stori nimeisoma kila mahali, nikamuuliza dokta, akacheka akasema kuna utafiti waliwapa paka bakuli za kawaida na zile za kulinda sharubu, hawakuona tofauti ya maana kwenye kiasi wanachokula wala muda wanaotumia, ingawa wakiwekewa zote mbili wengi walikwenda kwenye ile bapa. Kwahiyo paka anapenda sahani bapa, sawa, lakini msinunue kwa ajili ya hofu ya sharubu. Nunueni kwa ajili ya kidevu na pua. Vilevile wameandika kinazuia kutapika. Kitufe ametapika mara mbili ndani ya wiki 6, zote mbili alikula kwa pupa, paka wa pua fupi wanameza hewa pamoja na chakula, na dawa yake ilikuwa kugawa mlo, sio chombo.

Kauri dhidi ya plastiki, hapo sina mjadala. Lile bakuli la kwanza lilikuwa la plastiki na ndani ya siku chache tu lilikuwa na mikwaruzo ya msasa wa sponji, kwenye mikwaruzo mafuta ya chakula yanabaki na bakteria wanapanga chumba, na baadhi ya paka wanaolishwa kwenye plastiki wanatoka vidoadoa vyeusi chini ya kidevu kama chunusi. Paka wa kawaida kidevu kinagusa bakuli mara moja moja, wa uso bapa kidevu kinaishi humo. Kauri inaoshwa ikasafishika, stili pia, ila angalieni kauri isiwe na ufa wala kumeguka, ikimeguka tupa.

Sasa lalamiko langu kubwa: pete ya mpira. Ina mfereji kwa chini, chakula kinaingia kwenye ule mfereji, na huoni mpaka siku ya 3 unaposikia harufu unadhani paka ametapika nyuma ya kochi. Nililitafuta nyuma ya kochi kwanza, nawaambia ukweli. Kuivua kunahitaji kucha, kuirudisha kunahitaji subira, na mimi mara mbili kwa siku sina hiyo subira. Saivi naivua kila jioni naichemsha kidogo naianika usiku, imeshaanza kulegea. Hawaiuzi peke yake, niliwaandikia nikaambiwa ninunue kisahani kizima kipya. Kwa pete! Hiyo ndo nusu nyota iliyokwenda, pamoja na ile ya kwanza inafanya moja kamili.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye boksi lolote, kisahani hata kiwe bora vipi uso wake utachafuka. Kila baada ya mlo kuwa na kitambaa laini na maji ya vuguvugu bila sabuni, unafuta kwanza kando ya macho, maana machozi yao hayashuki vizuri puani yanamwagikia usoni, alafu mikunjo ya pembeni ya pua, alafu kidevu, na unakausha. Ukiacha unyevunyevu kwenye mikunjo ngozi inaoza taratibu. Kitufe mwanzoni alipigana na kitambaa kwa makucha yote, sasa anakaa anasubiri amefumba macho, nadhani anajua ndo dalili kwamba chakula kimekwisha kweli. Na mkiona chakula au maziwa yanatokea puani mara kwa mara, au anapumua mdomo wazi, au anakohoa baada ya kula, hilo si tatizo la sahani, mpelekeni kwa daktari. Vilevile kama hajala kabisa kwa nusu siku na ni mdogo hivi, msisubiri kesho, sukari inawashuka haraka.

Chakula kikavu tulianza akiwa na wiki 7, kikiwa kimelowekwa kwanza. Kwenye mteremko chembe za duara ni kichekesho, zinabiringika zote mbele anazifukuza kwa pua. Na nikaona kitu, Kitufe chembe hazishiki kwa meno, anazibandika chini ya ulimi, yaani upande wa chini wa ulimi, anazivuta ndani. Nilidhani ana kasoro kumbe Persian wengi ndivyo wanavyookota. Ndo maana wapo wanaotengeneza chembe za umbo la lozi kwa ajili yao, zinasimama kidogo ulimi unapata pa kuingia chini yake. Nilipobadilisha kwenda hizo, na kisahani nikakiweka juu ya daftari jembamba upande wa mbele ili mteremko upungue, mambo yakatulia. Kwa hiyo kama mnalisha kikavu tu, mteremko huu ni mwingi mno, chukueni bapa kabisa.

Saivi Kitufe ana wiki 11, jana alikuwa gramu 1,020, stendi nimeanza kuirudisha lakini nimekata miguu yake kwa msumeno ikabaki sentimita 4, mbao yake ni laini inakatika vizuri, sifa hiyo wapewe. Anakula mwenyewe milo 4, sipaki tena ukutani kila mara, naweka tu kilima katikati ya mteremko ameshajifunza kukiendea kwa ubavu, anainamisha kichwa kushoto analamba akianzia juu. Hiyo ya ubavu hakuna aliyemfundisha.

Nani anunue: mwenye Persian, Exotic, Himalayan, au yeyote ambaye ukimtazama kwa ubavu pua haionekani, anayehama kutoka kidole au chupa kwenda chakula laini. Mwenye mtoto wa pua ya kawaida haina haja, kisahani cha chini ya kikombe cha chai kinatosha kabisa. Na hata kwa uso bapa, kabla hujaagiza, kwanza lala sakafuni na simu urekodi kama nilivyofanya, uone ni nini kinagota, kama ni ukingo tu basi kisahani bapa chochote cha kauri kitakusaidia. Wangu ulikuwa ukingo na mazoea ya kidole pamoja, ndo mteremko ukafaa.

Stendi msiikate kabla hamjampima mabegani, mimi nilikata mara mbili na mguu mmoja mpaka leo ni mfupi, nimeuwekea kipande cha kadibodi.